Tumbo Linalouma Siku za Shule

Alfajiri, giza bado nene, mama mshonaji alimwamsha binti yake. Tuisheni kwanza, kisha shule, jioni tuisheni tena.

"Korona imetuibia masomo," alisema. "Amka tufidie, mwanangu."

Binti alishika tumbo. "Mama, linauma."

"Linauma siku za shule tu. Jumapili linapona lenyewe, eh?"

Lakini binti hakugusa chai, akaanza kulia. Mama akamvika sweta. Akampeleka kwa jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alimpima taratibu. "Homa hana. Shule zilipofungwa, tumbo lilimuuma?"

"Wapi! Alinawiri," alisema mama. "Alilala mpaka kunakucha. Mchana tulikaa wote kwenye cherehani, mimi nashona, yeye anatia vifungo, domo halifungwi. Hesabu alirudia mwenyewe mpaka zikamwingia."

"Ugonjwa ule ulikuwa balaa, dada yangu, siusifu," alisema muuguzi. "Wapo watoto walioumia sana majumbani. Lakini wako kuna alichopata. Alipata usingizi wa kutosha, mtu wa kumsikiliza, na nafasi ya kukosea na kujaribu tena. Hivyo ndivyo vinavyompa mtoto nguvu. Shule zimefunguliwa, nawe umevifungia vyote nje."

Mama alimgeukia binti. "Nini kinakutisha huko shuleni?"

"Wananicheka nikikosea."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mama?"

Mama alimvuta kifuani. Huyu mama nampendea jambo moja: akikosea, habishani. Siku hiyohiyo aliachana na tuisheni ya alfajiri, na ya jioni pia. Alimwona mwalimu wa darasa, akamweleza habari ya kuchekwa. Jioni wakarudi kwenye vifungo na porojo zao.

Tumbo halikutulia kwa siku moja. Asubuhi nyingine liliuma, wakaongea, akaenda shule hivyohivyo. Polepole likaacha.

Siku moja binti alirudi nyumbani akasema, "Leo nilisimama, nikamwambia mwalimu sijaelewa."

"Wakacheka?"

"Wawili. Nikabaki nimesimama. Mwalimu akaeleza upya. Halafu mmoja wa waliocheka akaniambia hata yeye alikuwa haelewi, alikuwa anaogopa kuuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia kesho tukae wote."

Mama alisimamisha cherehani. Akavuta kiti karibu, akataka asimuliwe tena, tangu mwanzo.