Maji ya Dirisha la Nyuma

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye beseni.

Kila nilipotoka shule nilifagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya shangazi, nikaosha vyombo, kisha nikamwaga maji machafu mtoni kupitia dirisha la nyuma. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Majirani wengi walikuwa wamehamia mitaa yenye wateja, wakaondoka na watoto wao, nikabaki sina wa kucheza naye. Wa kuzungumza naye alikuwa mmoja tu: fundi viatu wa nyumba ya pili. Tulimwita Gundi, maana akianza hadithi hubanduki. Yeye aliniita Bosi.

Kisha halmashauri ikasafisha mto, ikajenga njia ya watembea kwa miguu chini ya madirisha yetu. Shangazi akatoboa ukuta wa nyuma, akaweka mlango, akatundika magauni. Alisema njia hiyo isipoleta wateja, nasi tutahama.

Siku ya kufungua njia, alikwenda kununua uzi akaniachia duka. Nikaosha vyombo. Mkono wangu ulikuwa haujapata habari za njia mpya; ukamwaga.

Chini alisimama mama mmoja, majani ya chai yakimchuruzika usoni. Akauliza ni nani. Kidole changu kikaelekea dirisha la Gundi.

Gundi aliona na kusikia yote. Hakubisha. Alimwomba mama radhi, akamrushia kitambaa, akafunga dirisha. Nyundo yake ikanyamaza. Nilikaa peke yangu katika kile kimya, hata cherehani nikaona imeninunia.

Shangazi aliporudi nilimweleza kweli. Alinishika mkono hadi kwa yule mama, aliyekuwa akijianika kwenye benchi, nikakiri. Shangazi akamvika gauni mojawapo la dukani huku akimfulia lake. Mama akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena. Kesho yake alirudi na dada zake.

Lakini jioni ile nilikuwa bado na dirisha moja la kubisha hodi. Nilimwamkia Gundi shikamoo mara mbili ndipo akafungua. Nikamwomba msamaha, ila mdomo wangu haujui kunyamaza.

“Lakini mjomba, si tangu zamani sote tunamwaga nyuma?”

“Nyuma ya nani, Bosi? Mto ulikuwa hapo hapo siku zote. Sisi ndio tulioupa mgongo, kama ulivyonipa mimi leo.”