Kodi Iliyokataliwa

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Yeye, mumewe na mapacha wao waliishi katika chumba kimoja cha kupanga. Mwezi ule mteja wa sare za shule alichelewa kumlipa. Kodi nayo ikachelewa.

Alipolipwa tu, alikimbia na pesa za kodi kwa mwenye nyumba.

"Sizitaki hizo," mwenye nyumba alisema bila hata kuzitazama. "Nimepata mpangaji mwingine. Jumatatu nikikuta vitu vyenu, navitupa nje na kupiga kufuli."

Tangu hapo Mama Pacha hakupata usingizi. Mlango wa uani ukigongwa, moyo ulimruka. Aliogopa hata kwenda bombani. Akirudi akute kufuli? Cherehani ikifungiwa ndani, watoto watakula nini?

Mumewe, fundi wa kupaka rangi, alisema kwa sauti ndogo, "Tuhame tu, mke wangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Tuhamie wapi?"

Mume akachukua brashi zake, akaenda kazini.

Jirani yao msusi, ambaye wote walimwita Shangazi, alimkuta Mama Pacha akifunga vyombo kwenye shuka. Akamuuliza kulikoni. Mama Pacha akamweleza yote.

"Hebu acha kufunga," Shangazi alisema. "Yalinikuta na mimi, nikaenda kuuliza. Kuchelewesha kodi ni kosa, kweli. Lakini mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa mkono wake. Aende mahakamani, na wewe usikilizwe. Mpaka amri itoke, hapa ni kwako."

"Na kodi si ameikataa?"

"Mpelekee tena, mbele ya shahidi. Akikataa, itunze, usiiguse. Halafu twende baraza la nyumba, wanakosuluhisha wapangaji na wenye nyumba. Kama halipo, watu huenda kwa wanaotoa msaada wa sheria."

Wakaenda wote wawili. Mwenye nyumba akakataa tena, Shangazi akisikia kwa masikio yake. Kutoka hapo wakapita barazani. Ofisa akaandika malalamiko na kumpelekea mwenye nyumba wito wa kufika Jumatatu mchana.

Lakini Jumatatu asubuhi mwenye nyumba alifika uani na vijana wawili. Mkononi alikuwa na kufuli jipya.

"Toeni vitu!" alifoka.

 Watoto walimng'ang'ania Mama Pacha gauni.  Mumewe akaja akasimama ubavuni pake.

"Baba," Mama Pacha alimwambia mwenye nyumba, "kodi yako ipo. Nionyeshe amri ya mahakama, nitatoka. Kama huna, tukutane barazani."

Vijana wakatazamana. "Mzee, amri unayo?" mmoja akauliza. Mwenye nyumba akalitia kufuli mfukoni. "Basi sisi hatumo," kijana akasema, wakaondoka.

Mchana barazani, ofisa alimwambia mwenye nyumba wazi: kufungia watu nje bila amri ni kuvunja sheria. Akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe mama, ukiona utachelewa, mwambie mapema. Mkubaliane siku, na mwandikiane."

Mwenye nyumba alipokea kodi palepale, akatoa risiti. Mama Pacha aliishika kwa mikono miwili. 

Jioni alikuwa kwenye cherehani mlango ulipogongwa. Moyo ukamruka. Kumbe alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, macho mekundu.

"Mama Pacha, na mimi amenikatalia kodi yangu. Nifanye nini?"

Mama Pacha akaweka kitambaa pembeni, akamvutia kigoda.

"Keti, dada. Umeenda na shahidi?"