Sauti Yangu Ilipanda Jukwaani Bila Mimi

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje!

Nikavuta kitasa. Nikasukuma. Nikapiga teke.

Wapi!

Huko nje uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, halafu nikasikia kitu kilichonisimamisha nywele...

SAUTI YANGU. Inaimba!

Jamani, mimi niko chumbani, kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi. Na palepale niko jukwaani, naimba wimbo wangu, watu wanapagawa!

Nikajishika koo kuhakikisha kama bado ninalo.

Tulia nikusimulie vizuri, maana habari hii ukiidaka katikati utasema ni uchawi. Haukuwa uchawi. Alikuwa binadamu, tena wa kula naye sahani moja.

Mimi ni mwimbaji. Bendi yetu ilikuwa si lolote si chochote mpaka lile tamasha la uwanjani. Tuliwekwa kupasha watu moto tu kabla ya wakubwa kupanda. Wakubwa wakachelewa... Tukaimba nyimbo zetu zote zikaisha, tukaanza kutunga palepale! Wakubwa walipofika, umati ukawaambia wakae pembeni kwanza.

Kuna mtu alirekodi. Kanda ile ikaingia saluni, ikaingia harusini, ikaingia redioni. Nikawa malkia bila kupenda.

Sasa tulikuwa tunalirudia tamasha lile baada ya miaka mingi. Uwanja uleule, bendi ileile.

Kwenye bendi nilikuwa na watu wangu watatu. Wa kwanza mume wangu, mpiga gitaa, wanamwita Nyuzi. Wa pili mdogo wangu wa tumbo moja, mwitikiaji, tunafanana kama shilingi kwa ya pili. Wa tatu Meneja. Huyo nilimwita Kaka, maana alitushika mkono tukiwa hatujulikani hata mtaani kwetu.

Mazoezi yalipoanza, nilimwambia Meneja peke yake:

"Kaka, tukimaliza hili tamasha, mimi na Nyuzi tunatoka. Tunaanzisha ya kwetu."

Akacheka. Akanikumbatia.

"Malkia, mtoto akikua si anahama? Nenda na baraka zangu."

Nikatoka pale nimefurahi kweli.

Basi... kuanzia hapo mambo yakaanza kunuka.

Nikiingia chumba cha mazoezi, mume wangu na mdogo wangu wananyamaza ghafla. Simu ya Nyuzi ikawa inalala kifudifudi. Na mdogo wangu, kila nikiinua mkono kwenye kiitikio, namwona kwa jicho la pembeni naye anainua wake.

"We, unaniiga?"

"Hapana, Dada... najinyoosha tu."

Najinyoosha! Mtu anajinyoosha kwa mdundo?

Nikameza.

Nikaenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni langu la jukwaani.

"Hili hapa, mama. Lile lingine mumeo ameshalichukua."

"Lingine lipi?"

Fundi akashtuka. Sindano ikabaki hewani.

"Si lile... la kitambaa hikihiki? Lenye kiuno chembamba?"

Kiuno chembamba! Wapendwa, kiuno changu kiliniaga tangu mtoto wa pili. Gauni lile halikuwa langu, na mwenye kiuno hicho nilikuwa namjua tangu namfunga nepi.

Jioni ile jikoni nikamtega.

"Nyuzi, ulipita kwa fundi cherehani?"

"Fundi gani?"

Macho makavu kabisa! Halafu akanimiminia chai, akasema kwa upole:

"Punguza kuongea, mke wangu. Pumzisha koo."

Hapo ndipo nilipokufa. Mwanaume aliyenioa kwa sababu ya sauti yangu, leo anataka ninyamaze?

Usingizi ukaniruka. Nikimtazama mume wangu amelala, namwona mtu mwingine. Nikimsikia mdogo wangu anacheka, nahisi ananicheka mimi.

Nikamkimbilia nani? Meneja.

"Kaka... mume wangu na mdogo wangu..." Sikumaliza. Kilio.

Akafunga mlango wa ofisi, akanipa kitambaa.

"Malkia, hata mimi nimeona. Nilishindwa tu kukwambia."

Moyo ukapasuka paa!

"Nikawaulize sasa hivi!"

"Thubutu! Ukiwauliza watakana, halafu watajipanga upya. Imba kwanza. Baada ya tamasha tutawaumbua wote wawili. Niachie mimi."

Nikamwachia. Tena nikamshukuru!

Siku yenyewe ikafika. Nilipewa chumba cha wachezaji chini ya majukwaa ya mashabiki, kimejaa harufu ya soksi na dawa ya kuchua. Jua la mchana, joto la kuokea mkate... halafu mdogo wangu anaingia amevaa koti refu mpaka miguuni!

Mkononi ana kikombe cha maji ya moto. 

Akainama kuweka kikombe. Koti likafunguka kidogo. Nikaona pindo.

Kitambaa changu!

"Dada... nisamehe," akasema. Akatoka mbio.

Kabla sijainuka, kitasa kikalia KLAK!

Ndipo ikaanza ile sauti. Na ilipofika ubeti wa pili... ikacheka.

Nikakumbuka! Siku moja mazoezini mpiga ngoma alirusha fimbo kwa mbwembwe, ikamtua kichwani. Nilicheka katikati ya mstari. Na Meneja alikuwa anarekodi kila zoezi, akisema ni kumbukumbu.

Kwa hiyo huko nje inapigwa kanda ya mazoezi, na mdogo wangu anachezesha midomo!

"Wameniibia mume," nikasema, "sasa wananiibia na koo!"

Nikapiga mlango. Nikapiga mayowe mpaka kifua kikawaka moto. Nani atanisikia? Spika zilinishinda nguvu, na zilikuwa zinatumia sauti yangu mwenyewe!

Mwishowe ufunguo ukazunguka. Alikuwa mama wa usafi, ndoo mkononi.

"Mwanangu! Si ndiye wewe unayeimba huko?"

 Nilimpita kama upepo.

Nikatokea pembeni ya jukwaa. Mdogo wangu yuko katikati, gauni kama langu, kilemba kama changu, miwani ya jua. Kwa mbali ni mimi mtupu! Lakini pale nilipokuwa niliona machozi yanachuruzika chini ya miwani.

Akageuka. Akaniona.

Maiki ikamponyoka, ikaanguka... na SAUTI IKAENDELEA KUIMBA.

Uwanja ukawa kimya. Halafu mtu mmoja akapiga kelele: "Kandaaa!"

Uwanja mzima ukaipokea. Chupa za maji zikaanza kuruka. Nyuzi akaacha gitaa likining'inia, akatukinga sote wawili kwa mgongo wake.

Na mimi nikafanya nini? Nikamzaba mume wangu kofi! Mbele ya umati wote ule.

"Umenifungia ndani!"

"Nani kakufungia?" Akabaki ameshika shavu. "Meneja kasema umeomba mwenyewe kubaki chumbani! Kasema daktari wako kakwambia ukiimba leo sauti inakufa moja kwa moja!"

"Daktari gani? Mimi sijaonana na daktari yeyote!"



Mdogo wangu akavua miwani.

"Dada... alisema unatuficha ugonjwa kwa aibu. Alisema tusikuulize, utavunjika moyo. Akataka nijifunze kusimama kama wewe, ili watu wasijue unaumwa."

Wote watatu tukageuka kwenye meza ya mitambo. Meneja alikuwa amesimama pale, mkono juu ya mashine. Akaizima mwenyewe, taratibu. Nikamfuata. Nilitegemea nitaona aibu usoni mwake.

Hata chembe!

"Ulisema unaondoka," akaniambia. "Nikasema basi, nenda. Mlango nimeufungisha mimi. Sauti nimebaki nayo, mwili wa kuisimamia upo. Nani angegundua?"

Nikanyakua maiki nimweleze kila mtu. Nikafungua mdomo...

Haikutoka hata herufi! Mkwaruzo tu, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Sauti nilikuwa nimeimaliza mlangoni.

Umati ukazomea upya. Wengine wakaanza kutoka.

Basi mdogo wangu akaichukua maiki mkononi mwangu. Akavua kilemba.

"Mimi ni mdogo wake. Mliyokuwa mnaisikia si sauti yangu, na tumewakosea. Yangu ni hii."

Akaimba. Sauti nyembamba, inatetemeka, imeanzia juu kupita kiasi. Nyuzi akamtafuta kwa gitaa, akampata, akamshusha polepole. Chupa nyingine ikaja, ikampiga begani. Hakuacha! Nilisimama ubavuni pake, nimemshika kiuno chake chembamba, nampigia makofi ya kiitikio kwa sababu ndicho pekee nilichoweza.

Sitawadanganya kwamba uwanja ulizizima. Wengi waliondoka. Lakini waliobaki walisogea mbele, na wimbo wa tatu waliuitikia wao.

Meneja sijui aliondokea mlango gani. Bendi nzima tulimwacha, na sauti yangu ilirudi baada ya wiki kadhaa za kunywa maji na kunyamaza.

Katika ukimya ule, siku moja Nyuzi aliniuliza:

"Kwa nini hukuniuliza tu kuhusu lile gauni?"

Nikachukua simu nikamwandikia: Na wewe, kwa nini hukuniuliza kuhusu huyo daktari?

Akasoma. Akakaa kitandani, akaisoma tena. 

Ndugu msomaji, ukimshuku mtu wako, mfuate yeye. Mkalishe, muulize, hata mkigombana mpaka majirani watoke nje. Niliwahukumu wawili walionipenda, na kesi yao nikaipeleka kwa aliyeitunga. Anayekwambia "usimuulize, niachie mimi"... huyo ndiye wa kuanza naye!