Kibuyu cha Mwisho Chini ya Barafu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima wa barafu Eduvina alipoteremsha mashua kwenda kumtafuta mumewe, Belarmino, aliyezama siku tisa nyuma akivusha kondoo. Alikuwa na ubao na mshumaa. Kwao, aliyezama hutafutwa hivyo: mshumaa huwashwa juu ya ubao, ukaachwa uelee, na unapotulia ndipo alipo.

Siku zote hizo alikataa. Kuuwasha ni kukubali. Aliyemshawishi ni shemeji yake Ludovino, asubuhi ile, wakinywa kinywaji cha majani machungu kiitwacho mate, wanachopokezana kwa kibuyu kimoja na mrija.

"Shemeji, ndugu yangu si nanga, akae majini. Mpe kaburi."

Kisha Ludovino akarudisha kibuyu, akasema asante. Huko, anayesema asante amekata, yaani ametosheka, hamiminiwi tena.

Sasa aliuwasha, akauachia ubao. Upepo ulitoka kusini. Ubao ukaenda kusini.

Ulitulia mbele ya kibanda cha wachungaji, chini ya ukuta wa barafu. Kibanda hakikuwa na mtu tangu mwaka jana, lakini bomba la jiko lilitoa moshi...

Barafu ikalia nyuma yake, kraa, kipande kikaanguka majini. Eduvina akasukuma mlango. Harufu ya sufu iliyolowa ikampiga usoni, na mwani.

Belarmino alikuwa ameketi kando ya jiko, kibuyu mkononi. Poncho yake, joho la sufu la kujifunika mabegani, ilidondosha maji. Tip... tip... tip...

"Umechelewa," akanong'ona. "Maji yanapoa."

Mwingine angetimua mbio. Eduvina alivuta kigoda. Angemkimbiaje mtu aliyemlilia usiku tisa?

Akapokea kibuyu, akanywa. Chumvi tupu. Akarudisha kibuyu kimya, akamiminiwa tena. Cha tatu kilikuwa baridi hadi meno yakamuuma, lakini alikinywa chote, maana alishaelewa: akiendelea kunywa, mumewe ataendelea kumimina, na hatanyanyuka.

"Kondoo?" Belarmino akauliza.

"Kumi na wawili walifika."

"Nilikwambia wanajua kuogelea."

"Kumbe wewe ndiye hujui," akasema, na machozi yakamtoka.

Alikuwa anatetemeka. Belarmino akavua poncho, akamfunika mabegani, kama alivyofanya kila majira ya baridi kwa miaka thelathini na moja, bila kuombwa. Moyo wa Eduvina ukapasuka. Miaka yote hiyo, hakuwahi hata mara moja...

"Asante," akasema.

Belarmino akakitazama kibuyu. Akakiweka chini taratibu.

"Haya, Eduvina."

"Hapana. Sikukata. Nimiminie, Belarmino. Bado nina kiu..."

Belarmino akampita, akatoka. Nje, mshumaa ukazimika.

Ludovino alipomfuata alimkuta kwenye kigoda, mbele ya jiko lililojaa kutu, bomba lake limeanguka sakafuni siku nyingi. Maiti waliiona palepale chini ya ubao, maji ya kiunoni. Ilikuwa na shati tu. Poncho ilikuwa mabegani mwa Eduvina.

Siku hizi majirani humtania kwamba akikaribishwa hunywa mpaka birika likauke, wala neno la shukrani halimtoki. Wanadhani ni utovu wa adabu. Eduvina hurudisha kibuyu kimya, akautazama mlango, akangoja amiminiwe tena.