Mjukuu Aliyepewa Bibi

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea hapa Arusha, Levolosi, kwa mume wa mdogo wangu, na mimi nilikuwepo tangu neno la kwanza liliposemwa. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua la asubuhi, mlima Meru umefunguka wote hadi kileleni. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mkopo wa cherehani. Kwenye benchi nikamkuta shemeji yangu Elihuruma, amechomekea shati kama anakwenda kupokea kipaimara.

Elihuruma ni Mmachame, anauza maharage sokoni Kilombero. Ni mtu mzuri, simtukani, lakini ubahili wake tuliutania hata siku ya harusi yake. Kiwanja chao kina nyumba mbili. Ya mbele, kubwa, ilikuwa ya mama yake, bibi Ndeshi. Ya nyuma, ndogo, ndimo alimoishi na mdogo wangu Rachel na binti yao Anneth, ambaye wakati huo alikuwa chekechea. Bibi Ndeshi alikuwa ameshafariki, inakaribia miaka miwili, na tulimzika kwao Machame, kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba. Nyumba yake ikafungwa kufuli, na ufunguo Elihuruma akawa anatembea nao mfukoni.

Ilitakiwa ifunguliwe mirathi mahakamani, cheti cha kifo kipelekwe, jina la mwenye nyumba libadilishwe. Rachel alilisema hilo mpaka akachoka. Elihuruma kila siku kesho. Sababu ilikuwa kodi ya majengo. Siku hizi inakatwa kwenye LUKU: ukinunua umeme, elfu moja na mia tano inaondoka kila mwezi kabla hujaziona uniti. Ila mzee aliyefika miaka sitini, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, husamehewa. Bibi Ndeshi alisamehewa enzi za uhai wake, na umeme wa nyumba ya nyuma ulivutwa kutoka mita yake hiyohiyo. Kwa hiyo Elihuruma hakuona haja ya kuwaambia watu wa kodi kwamba uhai wenyewe umekwisha. Bei ya soda mbili, jamani. Nikikumbuka napata hasira hadi leo.

Siku hiyo pale ofisini walikuwa wanahakiki wazee wenye msamaha. Mwenyekiti wetu, mzee Koikai, alikuwa mgeni kwenye kiti, hakuwahi kumjua bibi. Kando yake alikaa binti mmoja wa ofisi ya kodi, Nashipae, mpole, mwenye adabu zake.

"Bibi anaendeleaje?" Nashipae akamuuliza Elihuruma.

"Yupo, anamshukuru Mungu. Miguu tu ndiyo inamsumbua."

"Anaishi na nani mle ndani?"

 Uongo mmoja ukishaupokea, wa pili unabisha hodi palepale.

"Na mjukuu wake, Anneth. Nimempa, awe anamtuma maji."

"Umefanya la maana, baba," mzee Koikai akasema. "Hata kwetu bibi hupewa mjukuu."

Niliogopa. Kwetu Nkoaranga, na kwao Machame vilevile, mjukuu akishapewa bibi haazimwi tu. Anahamia. Analala naye kitanda kimoja, anakula naye chungu kimoja. Siku ukimtaka mwanao unakwenda kumwomba, umebeba maziwa au pombe ya mbege, na anayekubali au kukataa ni bibi. Na neno la kumpa husemwa mbele ya watu. Elihuruma alilisema mbele ya watu watatu, mimi mmojawapo.

Tulipotoka nje nikamshika mkono. "Shemeji, mtoto umempa nani?"

Akacheka. "Shemeji nawe. Hayo ni maneno ya ofisi."

"Mdomo huponza kichwa, Elihuruma."

"Kichwa ni changu," akasema, akaenda zake sokoni. Hapo alikosea, maana kichwa hakikuwa chake.

Wiki iliyofuata Nashipae alikuja nyumbani kwao kumsalimia bibi. Elihuruma alikuwa amejiandaa kusema kwamba mama amekwenda Machame kutibiwa, lakini alichelewa sokoni, na Rachel alikuwa ameshuka kisimani kwa jirani kufua. Shemeji alipofika getini alikutana na Nashipae anatoka.

"Nimeshamwona bibi, baba. Amenikaribisha vizuri sana. Mjukuu wake kaniletea maji."

Elihuruma alijipapasa mfukoni. Ufunguo ulikuwemo. Akaenda mlango wa mbele, akalishika kufuli. Lilikuwa limefungwa, na vumbi juu yake. Kwenye ngazi alikaa Anneth, na kikombe mikononi.

"Baba, usipige kelele," mtoto akasema kwa sauti ya chini. "Bibi amechoka na wageni."

Rachel alinipigia simu akilia. Nikafunga cherehani zangu nikahamia kwao. Nasali Kilutheri, sipendi mambo ya vibuyu, na nilikwenda nikiamini nitakuta mtoto mwenye homa. Nilimkuta mzima. Ila alikuwa hali. Ukimwekea chakula anasema ameshakula kwa bibi, na mdomo wake kweli unanuka kiburu, zile ndizi na maharage za Kichaga. Asubuhi alinisalimia Kimachame, maneno ya kikongwe, na mdogo wangu hajawahi kumfundisha hata moja. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba ya zamani. Rachel hakuzisuka yeye.

Mchana mmoja, jua kali, majirani wanaanika mchele, tulisikia Anneth akicheka. Sauti ilitoka ndani ya nyumba ya mbele. Rachel alikimbia hadi dirishani akamwita. Kicheko kikanyamaza. Elihuruma alifungua kufuli, baada ya ufunguo kumwanguka mara mbili. Sebule ilikuwa na vumbi la miaka miwili. Hakuna hata unyayo mmoja. Chumbani kitanda kimetandikwa shuka safi. Anneth kalala upande wa ukutani. Upande wa pili palikuwa pamebonyea, na Rachel alipoweka mkono pale, aliutoa haraka.

"Pana joto," akanong'ona.

Tulipofungua kabati tulikuta nguo zote za mtoto. Magauni, soksi, sare ya chekechea. Zimepigwa pasi. Zimekunjwa. Chini yake hapakuwa na nguo hata moja ya bibi. Alikuwa amempisha mjukuu.

Jioni hiyo Elihuruma alikubali kosa lake. Sijawahi kumwona mwanamume akiogopa vile, na nilimhurumia. Alisema kesho atakwenda ofisi ya kodi akaseme ukweli, wamtoze faini wanayotaka.

"Sivyo," nikamwambia. "Kwanza Machame. Nenda kaburini na maziwa, umwombe mtoto. Akishakurudishia, ndipo uende ukaseme amekufa."

"Machame hadi Jumamosi, shemeji Elinipa. Baba mdogo Manase, anayetunza kihamba, hayupo hadi Jumamosi. Ofisi iko hapahapa."

"Elihuruma, ulimpa bibi mtoto. Ukimwondoa bibi kabla hujamwomba, huyo mtoto atabaki na nani?"

Rachel naye alimsihi. Lakini mtu aliyezoea njia ya mkato, hata akiogopa huiendea hiyohiyo. Rahisi huvunja upishi. Asubuhi hatukumwona, alikuwa ametoka na cheti cha kifo.

Nashipae alinisimulia baadaye yaliyotokea huko. Elihuruma aliweka cheti mezani akasema mama yangu amekufa, alikufa zamani, nilidanganya. Nashipae akasema, baba, mimi nimemshika mkono. Shemeji akarudia, amekufa. Nashipae akakisoma cheti hadi mwisho. Halafu akauondoa msamaha kwenye ile mita, akaandika bibi ni marehemu.

Wakati huo mimi nilikuwa uani namenya ndizi. Rachel alikuwa jikoni. Anneth alikuwa amekaa chini, mbele yangu, anapanga maganda. Sikuwa nimeondoa macho kwake. Ghafla aliinua kichwa, akatazama nyuma yangu.

"Abee, bibi," akasema.

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akazunguka kona ya nyumba ya mbele, akitembea tu, hakukimbia. Niliinuka papo hapo. Nilikuwa nyuma yake. Naapa nilikuwa nyuma yake. Nilipokata ile kona hapakuwa na mtu. Geti limefungwa kwa komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Kufuli liko palepale.

Tuliita. Tulivunja mlango. Kabati lilikuwa tupu.

Elihuruma aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo. Alikuta uwanja umejaa majirani. Kabla sijamwambia, simu yake ikaita. Ilikuwa baba yake mdogo Manase, kutoka Machame. Alikuwa amewahi kurudi, na sauti yake ilisikika kwetu sote.

"Mbona mmemleta mtoto bila kuniambia? Amepita hapa sasa hivi, yuko nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyejitanda kanga usoni. Wameelekea kwenye migomba. Nimewasalimia, hawakuitika."

Tulifika Machame jua halijazama. Polisi walikuja, na vijana wa kijiji, na wanakwaya wa usharika. Walipekua mifereji, walishuka hadi mtoni. Tulitangaza redioni. Anneth hajaonekana hadi leo ninapoandika.

Kilichoonekana ni masale. Masale, mimea ile ya majani marefu, ndiyo mpaka wa Wachaga tangu kabla ya hati na vipimo. Aliyeyapanda amesema hapa ni pangu, na anayeyang'oa hujitafutia laana. Kando ya kaburi la bibi Ndeshi palikuwa na mstari mpya wa masale. Ulianzia ukingoni mwa kaburi, ukazunguka kipande chembamba cha ardhi, ukarudi tena kaburini. Mzee Manase alisema wiki iliyopita hayakuwepo. Yalikuwa yameshika mizizi. Vijana walichimba katikati, Rachel ameshikwa na wanawake watatu. Udongo ulikuwa mgumu, mizizi ya migomba imepita humo yote bila kukatwa. Haujawahi kuguswa na jembe. Wakafukia.

Mirathi imeshafunguliwa. Nyumba ya Levolosi sasa inasomeka kwa jina la Elihuruma, na kodi inakatwa kila mwezi. Haingii humo. Anakaa nyumba ya nyuma peke yake, amekonda, na ukimsalimia inabidi urudie.

Rachel anaishi kwangu. Kila Jumamosi anapanda Machame na kibuyu cha maziwa, anapiga magoti kaburini, anaomba mwanawe. Siku ya kwanza alikunjua mbeleko aliyokuwa akimbebea Anneth, akailaza ndani ya ule mpaka. Ilienea kamili kutoka sale la juu hadi sale la chini. Tangu hapo huilaza kila anapokwenda. Nilimwacha, maana mzazi na afanye linalompa nguvu.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza. Mzee Manase aliapa hakuna mkono uliogusa masale yale, na kweli hapakuwa na udongo uliofukuliwa upya, majani makavu yalikuwa yametulia juu yake. Rachel alilaza mbeleko yake. Akainyoosha. Akainyoosha tena. Chini, upande wa miguuni, palibaki nafasi ya kiganja kizima. Aliiweka mikono yake juu ya ule udongo.

"Dada," akaniambia taratibu, "anakua."