Msingi wa Marehemu Kabaso

Asubuhi hiyo Mwelwa alikuwa kibarazani akitwanga karanga za mboga. Binti yake, Chola, alikuwa akifua. Ndoa ya Chola ilikuwa imevunjika, na sasa mama na binti walilala chumba kimoja.

Nyuma ya nyumba palikuwa na msingi wa vyumba viwili. Kabaso, mume wa Mwelwa, aliujenga kwa mikono yake kila alipotoka zamu katika mgodi wa shaba. Alitaka Chola apate pa kukaa. Mapafu yakamwangusha kabla hajainua ukuta.

Ghafla lango likasukumwa. Vibarua wa halmashauri wakaingia bila hodi. Mmoja akachovya brashi kwenye kopo na kuchora alama nyekundu juu ya msingi.

"Nyie! Hapa ni kwenu?" Mwelwa alifoka.

"Tumetumwa, mama. Huu msingi utavunjwa. Umekalia bomba la majitaka."

"Bomba gani? Kiwanja hiki nina hati yake!"

"Hayo kaongee na ofisi."

"Wewe utaongea na mchi huu!"

Aliunyanyua mchi. Wale watu wakatoka mbio, rangi ikiwadondoka miguuni.

Tangu siku hiyo Mwelwa alifunga lango kwa kufuli. Mtaani walisema halmashauri inatafuta viwanja vya kuwapa matajiri. Mwelwa aliamini. Leo msingi, kesho nyumba.

Kisha mvua zikaanza. Siku moja alisikia kelele kwa jirani yake wa upande wa juu, Mama Ng'andu. Akakimbilia huko. Alimkuta jikoni amevaa mabuti, anachota maji meusi kwa ndoo. Uvundo ulijaa nyumba nzima. Mfuko wa unga wa mahindi ulikuwa umelowa chapachapa.

"Pole, dada. Nini tena?"

"Maji ya vyoo. Yanapanda kutoka kwenye tundu la kutolea maji hapa jikoni. Bomba limeziba huko chini."

Mwelwa alisita. "Huko chini wapi? Kwangu?"

"Kwako, dada."

Mwelwa alikunja kitenge chake, akachukua ndoo nyingine, wakachota pamoja.

Walipomaliza walinawa kwa sabuni, wakaketi nje. Mama Ng'andu alikuwa akifanya kazi katika kituo cha msaada wa sheria. Alijua mambo ya viwanja.

"Mbona hukuniambia?" Mwelwa aliuliza.

"Ulikuwa umefunga lango. Halafu nilikuonea huruma. Ule ni msingi wa Kabaso."

Akaleta kamba. Wakafunga ncha moja kwenye mfuniko wa chemba ya majitaka ya Mama Ng'andu. Chola, aliyekuwa amemfuata mama yake, akaivuta hadi chemba iliyo barabarani, upande wa chini wa kiwanja chao. Kamba ilipita katikati ya msingi.

Mwelwa aliifuata kwa macho hadi barabarani. "Kwa hiyo ardhi hii si yangu?"

"Ni yako. Ila imebeba njia ya bomba. Hiyo inaitwa haki ya njia. Halmashauri inaruhusiwa kupitisha bomba hapo na kuingia kulitengeneza. Haikugeuzi kuwa mpangaji."

"Nami naruhusiwa nini?"

"Lima mboga zako, anika nguo zako. Usijenge juu yake, wala usipande mti wenye mizizi mikubwa."

"Na wao waingie tu kama zizini?"

"La. Wanatakiwa kukupa taarifa kabla ya kuja. Wakimaliza kazi, warudishe mahali kama walivyopakuta. Wakiharibu kisichohusika, dai fidia. Wale wa rangi walikosea. Nenda ukawaambie hivyo ofisini. Mchi uache nyumbani."

Chola alicheka. Mwelwa alijaribu kutabasamu, machozi yakamtangulia.

Kesho yake wote watatu walikwenda halmashauri. Mhandisi, Bwana Simukonda, aliwasikiliza. Mwelwa alisema bila kupaza sauti.

"Bomba nimelikubali. Lakini mliingia kwangu kama wezi. Msingi ule aliujenga marehemu. Matofali msiyavunje. Yatoeni moja moja. Na mnionyeshe mahali ninapoweza kujenga."

"Tulikukosea, mama," alisema Simukonda. "Nitakuja mwenyewe."

Waliandikiana makubaliano, Mwelwa akabaki na nakala yake.

Siku ya kazi, vibarua walibisha hodi. Mwelwa akaomba aanze yeye. Alishika sururu, akainyanyua, mikono ikakataa. Akapiga magoti na kuweka kiganja juu ya tofali.

"Nisamehe, Baba Chola," alisema. "Hukujua. Mimi pia sikujua."

Chola akaichukua sururu taratibu, akaanza kuchokonoa udongo uliozunguka tofali la kwanza.

Chini ya msingi walilikuta bomba limepasuka kwa uzito. Wakaweka jipya, wakafukia, wakasawazisha. Simukonda alipima ukanda wa bomba, akapiga vigingi pembeni yake. "Kuanzia hapa, jenga," alisema.

Jioni hiyo maji machafu yaliondoka jikoni kwa Mama Ng'andu. Mvua zilizofuata hazikuyarudisha. Kiangazi kilipofika, matofali ya Kabaso yalikuwa yameshajengwa msingi mpya upande wa pili wa kiwanja, kuta zikainuliwa juu yake, na Chola akahamia vyumbani mwake.

Mwaka uliofuata, mume na mke vijana walinunua kiwanja mtaani hapo. Mwelwa aliwaona wakifunga kamba za kuchimbia msingi kwenye vigingi. Akavuka barabara.

"Wanangu, mmeuliza bomba linapita wapi?"

"Bomba gani, mama?" mume aliuliza. "Fundi anaanza leo."

"Mwambieni angoje. Nendeni halmashauri mkaulize kwanza. Mimi nimebomoa kazi ya mume wangu, naye yuko kaburini. Hakuna aliyemwambia."

Yule mke alimtazama Mwelwa usoni. Kisha akainama, akang'oa kigingi cha kwanza.