Diski Zilizoozeshwa

Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Tik. Kimya. Tik. Ilikuwa Jumamosi mchana, nafagia chini ya meza ya kompyuta, na nyumba yetu ilikuwa na amani yake ya kawaida. Baba amekaa kitini, taulo shingoni. Mama anachambua mchele. Kwenye spika, baba huyohuyo anatangaza: "Kipa amesimama kama suruali kwenye kamba!" Mama anacheka kama vile hajawahi kuusikia utani huo.

Niwaeleze, ndugu zangu. Baba alikuwa mtangazaji wa mechi za mtaani. Ugonjwa wa koo ulipomshika, madaktari walisema watamwokoa yeye, lakini si sauti yake. Wiki moja kabla ya upasuaji alikaa mbele ya kompyuta akajirekodi: utani wake, majina yetu, na neno la siri kwa kila mmoja wetu, la kusikiliza peke yake. Sasa anazungumza kwa daftari na kalamu. Sauti yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na kompyuta ilikuwa mikononi mwa kaka.

Kaka tunamwita Injinia. Alisomea kompyuta kwa miezi mitatu, cheti kikatundikwa ukutani. Jumamosi hiyohiyo ya mlio alikuja na diski mpya, nyembamba kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

"Kompyuta hii inawaka kama mzee anayetafuta miwani," alisema. "Diski mpya ina mbio, ya zamani ina nafasi. Nitaziozesha. Kompyuta itaziona kama diski moja."

"Kaka, ya zamani inagonga," nikasema.

"Inagonga nini, mlango? Mfungulie."

Wakacheka. Mimi mdomo wangu ni mzito, lakini nilijikaza. "Inagonga ndani. Ikifa je?"

"Mdogo wangu, harusi haijafungwa, wewe umeshaleta sanda! Uliishia darasa la tano, leo umekuwa daktari wa diski?"

"Mwache kaka yako," mama akasema. "Yeye ndiye aliyesoma."

Kaka aliazima diski ya nje kwa rafiki yake, akahamishia humo kila kitu. Akaziunganisha zile mbili zikawa moja, akarudisha vitu vyote ndani. Kisha akataka kuifuta ile ya kuazima.

"Usiifute," nilimwambia. "Kaa nayo hata mwezi mmoja. Ina sauti ya baba."

"Cha watu hicho."

Baba aligonga meza. Akaandika kwenye daftari, akalinyanyua: MSIKILIZE.

"Baba naye!" kaka akacheka, akabonyeza. Ikafutika.

Ndugu msomaji, ungekuwepo ungempongeza. Kwa siku nane kompyuta iliwaka kabla mama hajakaa vizuri kitini. Majirani walikuja kuitazama, na Injinia alitembea kifua mbele. Mimi nikifagia nasikia tik, tik, sasa kwa haraka zaidi. Nilisema mara moja tena. Nikaambiwa nina wivu.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, baba alikaa kusikiliza utani wake. Nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia milio mfululizo, halafu kimya. Nilipotoka, kioo kilikuwa cheusi na baba alikuwa anakigonga kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Tuliipeleka kwa fundi, mama mmoja mwenye duka karibu na stendi. Aliifungua, akaguna.

"Nani alizifanya hizi kuwa moja?"

"Umeme ulikatika, fundi," kaka akajibu.

"Sijauliza umeme." Akatuonyesha. "Kila faili limekatwa vipande, kimoja huku, kimoja kule. Ya zamani imekufa kabisa. Hii mpya ni nzima, lakini imebaki na nusu za maneno. Ungeacha kila moja ijitegemee. Mpya iwashe kompyuta, ya zamani itunze vitu, na nakala ikae nje ya mashine. Hata hivyo, iliyoanza kugonga haitunzi kitu."

Alihangaika siku mbili. Akapata faili moja, dogo mno hata halikukatwa. Ni sauti ya baba ikikohoa na kuuliza, "Eti, inanasa hii?" Basi. Mama anaisikiliza kila siku. Neno langu la siri nilikuwa naliweka akiba ya siku ngumu. Sikuwahi kulifungua.

FUNZO

Wazazi wetu, na nyinyi mlio na vyeti: diski haikuniuliza nimefika darasa la ngapi. Ililia, nami nikasikia. Nyumba inayompa sikio mtu mmoja tu kwa sababu ya karatasi iliyo ukutani itakuja kupoteza kitu kisichonunuliwa dukani. Kitu mnachokipenda msikiache na nakala moja tu. Na anayefagia chini ya meza akisema kuna mlio, inameni msikilize. Kama hamtaki, sisi wa darasa la tano tutasema kwa sauti zaidi. Hatunyamazi tena.

Mpaka leo wageni wakiuliza, nyumbani tunajibu kwamba umeme ulikatika ghafla. Kaka hutikisa kichwa kwa huzuni, mimi huangalia sakafu. Leo naandika. Umeme haukukatika. Nilikuwa napiga pasi chumba cha pili, na pasi yangu ya umeme haikupoa.